Miaka Ishirini na Tisa Nje ya Geti la Gereza

Ofisi nzima hii hakuna anayeandika kunishinda mimi, dereva, na shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha. Ndiyo maana kalamu ya kumuaga Mama nimepewa mimi. Karani amenuna, mwacheni.

Haya. Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Mlango anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika nyumba yetu ya kuwapokea kina mama wanaotoka gerezani. Alianza kwa kufua mashuka, akapanda hadi msimamizi wa mapokezi. Kabla yake, mtu alitolewa nje asubuhi na mfuko wake wa plastiki, basi, ajijue. Yeye akaweka sheria moja: hakuna atakayetoka akakosa mtu wa kumpokea.

Jina tulimpa sisi. Aliyefungwa miaka mingi akifika mlangoni husimama, anangoja afunguliwe. Mimi nilikuwa nakimbilia kitasa, najifanya muungwana. Mama akanikemea: "Toa mkono hapo, mwanangu! Afungue mwenyewe, hata tukikesha." Siku moja tulisimama kwenye mvua nusu saa, mimi na shati langu jipya, hadi dada mmoja akakishika kitasa. Alifungua, akafunga, akafungua tena mara nne, anacheka peke yake. Shati lilichuja lote.

Vyumba vya kupanga aliwatafutia yeye. Wenye nyumba walikubali ili tu anyamaze.

Wengi mnakumbuka habari ya fundi wetu wa cherehani, aliyetoka asimkute mtu getini. Tulimtafuta siku mbili, Mama hali, halali. Akamkuta kituo cha mabasi, amekaa na mfuko wake, hajui pa kwenda, lakini mzima. Jamani, tulipumua! Leo ndiye anayewafundisha wenzake kushona.

Mama, asante. Lala mpaka jua liwe kali, wajukuu wakusumbue kwa zamu yao. Tunakuombea afya na siku nyepesi.

Ila kwenye ripoti ya siku ile fundi alipotoka, Mama aliandika kwamba gari liliharibika. Gari lilikuwa zima. Mimi nilikuwa kwa kinyozi, najua kabisa geti hufunguliwa saa mbili, nikasema atasubiri kidogo. Mama alijua, hakunisema kwa mtu. Katika miaka yote hiyo aliyekosa mtu getini ni mmoja tu, na aliyemkosesha ni mimi.