Mstari Uliokosekana Kwenye Ubao wa Langoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Afisa wa Elimu, Mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya shule, Mchungaji wetu, na wewe Sheikh uliyekubali kupanda kutoka Majengo na baridi hii, Bi. Warigia, ambaye kuanzia Jumatatu utakikalia kiti changu, walimu wenzangu, wazazi wa Mweiga, wa Tetu, na nyinyi mlioondoka Gakindu alfajiri, wanafunzi wangu. Nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake na kwa umri wake. Wapo wageni wawili ambao sijawataja, na si kwamba nimewasahau. Nitawafikia.

Kwanza niwashukuru kwa zawadi. Nimepewa blanketi mbili, sweta tatu, na kondoo dume mnene ambaye, nikimtazama pale alipofungwa, naona anaomba hotuba hii iwe ndefu. Nitajitahidi kwa ajili yake.

Waliotangulia kusema wamenisifu hadi nikageuka nyuma kuangalia kama kuna Moffat Gatimu mwingine aliyeketi hapa. Na ajabu ni kwamba wote, bila kupatana, wamesifu kitu kimoja: ule ubao wetu wa langoni. Kwa wageni wasioujua, ni ubao mweusi wa kawaida, umesimama pale lango linapofungukia barabara ya Mweiga. Kwa miaka kumi na miwili, kila asubuhi kabla ya gwaride, mimi mwenyewe nimeandika hapo kwa chaki ni watoto wangapi wanaumwa, wanaumwa nini, na shule imefanya nini. "Leo wawili, surua. Wametengwa. Mama mwenye mtoto mchanga asiingie." Basi. Hata mama anayepita na maziwa yake anasoma, na asiyejua kusoma anasomewa. Shule nyingine zimekuja kuuiga. Na Bwana Afisa amesema hapa, mbele yenu, kwamba mimi ni mtu asiyewaficha wazazi neno.

Bwana Afisa, nakuheshimu sana, lakini hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho.

Leo mmeukuta ubao huo umefunikwa kwa kitambaa cha meza. Nimesikia wengine mkidhani ni jiwe la msingi, na kwamba Mheshimiwa atalifungua. Sivyo. Nimeufunika kwa sababu una mstari ambao ulipaswa kuandikwa miaka kumi na mitatu iliyopita, na sikutaka muusome kabla sijawaeleza kwa mdomo wangu.

Mwaka ule wa sabini na moja, wazee hapa mnakumbuka, kipindupindu kilikuwa kinatembea dunia nzima. Tulikisikia redioni, kikiwa mbali, nchi za watu. Kisha kikawa si mbali tena. Muhula wa pili, baada ya likizo fupi, mtoto mmoja wa kidato cha pili alirudi kutoka kwa jamaa zake akitapika na kuhara. Kesho yake wakawa wawili. Jumanne daktari akaja, akapima watoto, akapima tangi la maji, akaingia jikoni akapima hata miiko. Akaniandikia ripoti. Ilisema mambo matatu: ugonjwa ni kipindupindu na umekuja na mtoto kutoka nje, jiko ni safi na maji yake yanachemshwa inavyotakiwa, na wazazi waambiwe mara moja.

Mimi nikafanya nini? Jumamosi ya juma lililofuata ilikuwa siku ya wazazi. Shule ilikuwa changa. Nilijiuliza: nani ataleta mtoto wake tena kwenye shule ya kipindupindu? Nikaketi Alhamisi, nikaandika barua kwa mkono wa mtu mwenye elimu yake, kwamba kutokana na kuharibika kwa mifereji ya maji, siku ya wazazi imeahirishwa. Jumapili ikasomwa katika makanisa yote, kutoka Mweiga hadi Gakindu. Nikajipongeza. Nilidhani nimepata uongo mdogo usiomdhuru mtu.

Lakini jamani, mtu aliyezaliwa Tetu anawezaje kuwaambia akina mama wa Tetu kwamba watoto wao hawana maji, halafu akategemea watabaki nyumbani?

Jumamosi ile nilisikia nyimbo barabarani. Nilipotoka, wanawake arobaini na watatu walikuwa langoni, wameinama, kila mmoja na pipa au debe mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Walikuwa wametembea na mzigo huo tangu kulipopambazuka. Aliyeongoza aliitwa Wamucii, mama wa mwanafunzi wetu Kahiga. Akaniambia, "Mwalimu, tumesikia kanisani maji imepotea. Sisi hatukukuja kwa sherehe. Hii maji ni ya mto, iko safi, iko baridi kabisa. Fungua."

Kuna maneno mangapi ningeweza kusema pale? Moja tu lilitosha. Nilikuwa nalo mdomoni, na nikalimeza, kwa sababu mwenye barua ya mifereji angelisemaje lile lingine? Nikafungua lango.

Sasa nifike kwa mgeni wa kwanza. Mzee Sulemani Shee, naomba usimame kidogo wakuone. Ahsante, keti. Huyu alikuwa mpishi wetu. Kama Kiswahili changu kinawapendeza, mshukuruni yeye. Nilikuja hapa nikisema "kitabu yangu" kama wenzangu wote, na huyu bwana alikuwa haninyweshi chai mpaka nimeiomba vizuri.

Siku ile alinijia pembeni. Alijua kila kitu, maana daktari alipima jiko lake. Akasema, "Mwalimu, waambie. Wakijua watajikinga wenyewe. Wasipojua, mimi nitawakinga vipi peke yangu?"

Nikamjibu, "Sulemani, wewe pika chai. Na jambo hili usilitamke kwa mtu."

Akanitii, na akafanya alichoweza. Alisimama mlangoni mwa jiko akamkataza mtu yeyote asinywe wala asimpe mtoto yale maji ya mto kabla hayajachemka. Maji yaliyobebwa maili sita mgongoni! Akayamimina kwenye masufuria makubwa, akachochea kuni, akawaambia wanawake wangoje. Wakakasirika, na mimi ningekasirika. Wamucii akamuuliza, "Wewe mzee, maji yetu iko na nini? Ni uchafu tumekuletea?" Sulemani akanitazama mimi, kwa sababu mwenye ruhusa ya kujibu nilikuwa mimi. Nami nikatazama viatu vyangu.

Wakanywa chai yake kwa shingo upande. Lakini Wamucii hakukaa kunywa. Mwanawe Kahiga alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa, nasi tulikuwa tumemwambia ni tumbo tu. Akaenda akaketi kitandani, akamlisha uji. Mtoto hakuumaliza. Nyinyi akina mama mnajua kilichofuata, maana hakuna mama wa huku anayemwaga uji wa mtoto wake. Aliumaliza yeye, kwa kijiko kile kile.

Kahiga alipona. Wamucii alizikwa Alhamisi.

Wale wengine arobaini na wawili walirudi nyumbani wazima, na hakuna aliyeugua. Naomba muiweke hesabu hiyo moyoni, maana ndiyo hesabu ya Sulemani, na hakuna aliyewahi kumsomea.

Baada ya mazishi, wazazi waliitisha mkutano katika bwalo letu. Mgeni wangu wa pili alikuwepo: Mzee Muriithi wa Tetu, mume wa marehemu. Alizungumza polepole. Alisema, "Mke wangu alikuja hapa mzima, na maji kwa mgongo. Yule mpishi akakataa maji yake mbele ya watu. Mimi nauliza tu: alikuwa anaficha nini?" Na bwalo zima likageuka kumtazama Sulemani. Mtu wa Majengo, asiyesali nasi, aliyewadharau mama zetu. Kila mtu akaona jibu limepatikana, kwa sababu aliyekuwa na jibu la kweli alikuwa amekaa kimya kwenye kiti cha mbele.

Ripoti ya daktari ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Ilisema jiko ni safi. Ningeisoma, Sulemani angetoka pale mtu huru. Kwa nini sikuisoma? Kwa sababu ilikuwa na tarehe. Karatasi ile ile iliyomsafisha mpishi ilionyesha kwamba mwalimu mkuu alijua siku mbili kabla ya kuandika barua ya mifereji. Nikapima jina lake na jina langu. Nikasimama, nikasema, "Kuanzia leo mpishi huyu ataondoka." Sikusema ana kosa. Nilijifariji kwa hilo miaka mingi, kwamba sikusema ana kosa. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele yangu, akatoka.

Mjini Nyeri hakuna aliyetaka tena chakula kutoka mikononi mwake. Alikaanga mahamri, yakalala. Hatimaye alikwenda kupanga mbao kwenye kiwanda cha kupasulia magogo, mpishi aliyekuwa akilisha watu mia tatu, na alizipanga mpaka mgongo ukakataa.

Mwaka uliofuata, ugonjwa wa miguu na midomo ulishika ng'ombe wa Mweiga. Nilipita shamba moja nikaona ubao langoni: karantini, ng'ombe wanne, usiingize wala usitoe mnyama. Nikamuuliza mkamuaji kama tajiri wake haoni aibu kuandika vile barabarani. Akanishangaa. "Mwalimu, asipoandika, si ng'ombe ya jirani watakufa? Aibu iko wapi?" Ng'ombe wetu akiugua tunaandika langoni, mtoto wetu akiugua tunaandika mifereji. Nikarudi, nikamwagiza fundi seremala, na ubao mnaousifu ukasimama.

Kwa hiyo nilijifunza. Ndiyo, nilijifunza. Lakini mtu anaweza kujifunza kutokana na kosa lake na bado akamwachia mwingine alibebe. Kila asubuhi nimeandika ukweli wa siku ile, mdogo mdogo, surua, tetekuwanga, mafua, na kila asubuhi nimeuruka mstari mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda Majengo. Mzee Sulemani alinikaribisha, akaniwekea chai. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonisimamisha hapa leo: "Mwalimu, uliniondoa mbele ya watu. Kama unataka kunirudisha, usinirudishe hapa barazani kwangu, tukiwa wawili na kikombe."

Kisha nikaenda Tetu kwa Mzee Muriithi, nikampa ile ripoti aisome na tarehe yake. Aliisoma mara mbili. Sikutegemea anisamehe, na sitawadanganya kwamba amenisamehe. Aliniambia hivi: "Wewe ulinipatia mtu ya kuchukia. Mimi nikamchukia miaka kumi na tatu, na haikuwa yeye." Halafu akauliza kama mpishi yuko hai, na anakaa wapi. Leo asubuhi nimewaona wote wawili wakishuka kwenye gari moja. Walichozungumza njiani ni chao.

Bi. Warigia, nakukabidhi funguo, na nakukabidhi kopo la chaki. Magonjwa yatakuja tena, maana dunia haijachoka. Siku yatakapokuja utasikia sauti ikikuambia ungoje kidogo, ulinde jina la shule kwanza. Ni sauti ya heshima sana, mwenzangu, inazungumza kama mwalimu mkuu. Usipoandika wewe, watu wataandika wenyewe, na watamwandika mtu asiye na wa kumtetea. Wazazi wetu wakiambiwa ukweli wanajua la kufanya nao. Wakiambiwa mifereji, wataleta maji.

Wanafunzi, mlinijua kama mtu mkali kwa uongo. Sasa mnajua nilipoupata ukali huo.

Mheshimiwa, uniwie radhi kwamba kitambaa kile si wewe utakayekiondoa. Na kwa sababu wengine hapa macho yamechoka kama yangu, nitawasomea nilichoandika. Leo si chaki, ni rangi, haifutiki: "Mwaka 1971 shule hii ilikuwa na kipindupindu. Mwalimu mkuu Moffat Gatimu alijua, akanyamaza. Wamucii wa Tetu alikufa bila kuambiwa. Mpishi Sulemani Shee alichemsha maji."

Nimewachosha, nanyi mmenivumilia bila kuondoka hata mmoja, na kwa masikio yenu nawashukuru kuliko kwa blanketi. Mzee Sulemani, Mzee Muriithi, tangulieni langoni, sisi tutawafuata. Mkirudi mtakuta chai mezani. Nimeamka mapema kuipika, na maji nimeyachemsha mimi mwenyewe.