Tofali Lililopinda la Katekista Bibiana

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuzipokea familia za Parokia ya Birkera, Katekista Bibiana Kerketta anakabidhi ufunguo wa ofisi. Tarehe ameichagua mwenyewe. Mvua zimeanza, watu wamerudi kutoka kwenye matanuri ya matofali huko Bengali, naye hakutaka kuaga viti vitupu.

Mama huyu habembelezi wala habembelezeki. Maparoko watano walijaribu kumpunguzia kazi, wote wakanyoosha mikono.

Katika mwaka wake wa saba, Salomi Toppo alifika ofisini akakuta jina la binti yake limefutwa kwenye orodha ya ubatizo kwa mara ya tatu. Mafundisho ya lazima kwa wazazi yalikuwa Novemba hadi Mei, miezi ileile ambayo nusu ya parokia iko Bengali ikifyatua matofali. Aliyelifuta ni mimi, karani, tena kwa rula.

“Dada, msijisumbue kumwandika tena,” Salomi alimwambia Bibiana. “Mkimtaka mwanangu, mtatufuata tanurini. Mimi nimechoka kuja kuaibishwa.”

Sisi tulidhani ni hasira tu. Bibiana akaenda kukata tiketi ya treni.

Msimamizi wa tanuri alikataa kazi isimame. Basi Bibiana akakunja sari, akaingia kwenye udongo, akafundisha huku akifyatua: swali, tofali, jibu, tofali. Matofali yake yalipinda hata msimamizi akasalimu amri. “Mama, wewe fundisha tu. Udongo waachie wenyewe.”

Paroko wa wakati ule alisema mafundisho ya tanurini hayahesabiki. Bibiana akamwekea mezani rejesta yenye alama za dole gumba za wazazi arobaini na mmoja, na juu yake tofali moja lililopinda, kisha akaketi. Aliketi mpaka chakula cha mchana kikapoa. Juni ile binti wa Salomi alibatizwa pamoja na watoto wengine kumi na tisa, na tangu hapo kila Januari katekista wetu huwa Bengali.

Tofali lile ndilo linaloshikilia mlango wa ofisi usijifunge. Kuanzia Julai atakayeketi humo ni Monika Toppo, binti yuleyule. Jana nilimwonyesha mistari yangu mitatu juu ya jina lake, nikaona aibu kweli. Alicheka, akaniomba ile rula. Hajanirudishia.

Asante, Dada Bibiana. Kaa kwa afya, wali wako uule ungali moto, na Januari umwache Monika apande treni peke yake. Tunajua hutakubali.