Genoveva Nandonde na Vyandarua vya Nyumba Yetu

Marehemu Genoveva Nandonde, ambaye Rutamba nzima tulimwita Veva, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 2003 katika zahanati ya hapa kijijini. Maneno haya ni ya bibi yake, Cecilia. Kalamu ni ya jirani yetu Batuli, maana mimi shule niliiona kwa nje. Msomaji ni mjomba wa marehemu, mwanangu Severini, na nimemwagiza asiruke mstari.

Siku aliyozaliwa, kuku wote wa Rutamba walitaga kwa pamoja, hata jogoo mmoja akajaribu. Batuli alikataa kuliandika hilo. Ameliandika.

Mama yake, Joyce, alimwacha mikononi mwangu mwaka 2009 akaenda Maskati kufanya kazi za ndani. Babu yake alifariki mwaka 2011. Severini alivuka kwenda Songo Songo mwaka 2016, akaaga kwamba Krismasi atakuwa nyumbani. Krismasi ipi, hakutaja. Nyumba ya vitanda vitano ikabaki na watu wawili. Kila jioni nilishusha vyandarua vyote vitano na kuvichomeka chini ya magodoro. Veva alipouliza kwa nini, nilimweleza kwamba mbu wa Rutamba wakikuta kitanda hakina chandarua huitisha mkutano wa kijiji na kugawiana viwanja. Aliamini kwa muda mrefu. Kisha akaacha kuamini. Akawa anashika upande wa pili, tunachomeka pamoja.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Rutamba kuanzia mwaka 2010 hadi 2016, kisha sekondari mpaka kidato cha sita, alichomaliza Lindi mjini mwaka 2023. Daftari zake zilijaa picha kuliko maandishi. Alipomchora mwalimu mkuu kwa mkaa ukutani mwa jiko letu, mbuzi wa Batuli walikataa kupita hapo wiki nzima. Mwishoni mwa mwaka huo alijiunga na chuo cha ualimu Mtwara, kusomea kufundisha sanaa. Huko alimpata rafiki yake Narjis, binti wa wenye duka la vitambaa pale Lindi.

Kazi ya mshahara hakuwahi kuipata. Alichora mabango ya saluni na ya mama lishe, nami kila nikipita Lindi niliwaambia watu huyo mwanamke wa bangoni ni mimi enzi zangu. Kazi aliyoipanga kwa moyo wake wote ni ile ya kumalizia chuo. Si picha ya ukutani. Ni kitu unachokiingia. Alitaka kutundika vyandarua katika ukumbi mtupu, vimeshushwa kama usiku unapoingia, ila chini yake hakuna kitanda. Mtu aingie peke yake, akae, atoke, ndipo aingie mwingine. Mwalimu wake alimshauri anunue vipya, vyeupe, vitapendeza. Veva akamjibu, “Vipya havijamsubiri mtu, Mwalimu.”

Mwezi Januari mwaka huu alikuja kuviomba vya nyumbani. Akaanza na cha mjomba wake.

“Bibi, hiki kinalaliwa na nani?”

“Na Severini.”

“Mjomba mwaka wa tisa huu hajaja.”

“Na akija?”

“Akija atalala.”

“Atang'atwa!”

“Si ang'atwe, Bibi. Ndipo ajue amefika kwao.”

Soma, Severini, watu wanakusubiri.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipoinuka nikamfungulia. Cha babu yake nikampa. Cha mama yake nikampa. Akanyoosha mkono kwenye kamba za chake, nikaupiga ule mkono.

“Chako hakitoki. Wewe unarudi.”

Alivichukua vitatu hadi Mchinga, alikokuwa akifanya mazoezi ya kufundisha, akavijaribu kwenye upepo kati ya minazi. Kamati ya ulinzi wa ufukwe ikamfikia mbio, kwa kuwa kuvua kwa chandarua ni marufuku.

“Binti, unavulia nini hivi?”

“Watu.”

“Watu gani?”

“Wasiorudi.”

Mwenyekiti wao, mzee Twalib, alimtazama, akavitazama vile vyandarua, akasema ana mtoto wake Afrika Kusini. Akamshikia ngazi mpaka alipomaliza. Hilo sikuliongeza; Narjis alikuwapo.

Ndoa hakuijaliwa. Walikuja wachumba mia mbili. Batuli anasema wawili, lakini Batuli hulala mapema. Wote aliwajibu kwa adabu kwamba hawezi kuniacha na vitanda vitano peke yangu.

Ugonjwa wa selimundu, ule wa damu, ulionekana akiwa na miaka mitatu. Maumivu yalipomshika alihamia kitandani kwangu, nikimkanda kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani na kumdanganya hadithi zangu zote. Tarehe 28 Agosti alizidiwa chuoni, akalazwa hospitali Mtwara. Nilimkuta ameshika mchoro wa ile kazi. Vyandarua vitatu vilikuwa vimechorwa, na pembeni ndoano moja tupu.

“Hapa ni mimi, Bibi. Nimepaacha, mpaka uniruhusu.”

“Paache hivyohivyo. Utalala kwako.”

Aliniomba nimsimulie tena ule mkutano wa mbu, akanirekebisha nilipokosea jina la mwenyekiti wao. Alifariki dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alfajiri, akiwa na miaka ishirini na miwili.

Narjis na wanachuo wenzake wamevileta vyandarua na kuvitundika hapa uani kama alivyochora. Vilikuwa vitatu. Leo asubuhi nimepanda kitandani kwake nikakifungua cha nne. Mafundo yalinitesa, aliyafunga yeye. Nimempa Narjis, na ndoano si tupu tena. Kabla hamjaondoka, ingieni mmojammoja. Msiingie wawili. Kaeni kidogo, mtoke. Kisha vitakwenda chuoni, maana maonyesho ni tarehe 26 mwezi huu na kazi yake imekamilika.

Marehemu ameacha mama yake, Joyce, ambaye waajiri wake hawakumpa ruhusa na sasa anatusikiliza kwenye simu iliyo mkononi mwa Narjis. Ameacha mjomba wake, Severini. Amemwacha rafiki yake, Narjis. Na amemwacha bibi yake, katika nyumba yenye vitanda vitano na chandarua kimoja. Hicho ni changu, simpi mtu.

Severini ameniambia leo analala nyumbani. Atang'atwa.

Lala kwa amani, Veva, mjukuu wangu. Pembe zote nne nimekwisha kukuchomekea.