Marehemu Zvonimir na Ndege ya Mlango wa Kumi na Nne

Honi moja ya treni ililia usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1951 katika kituo cha Vinkovci, baba aliyekuwa zamu akatazama saa yake, na alipofika nyumbani akakuta mtoto wake wa kwanza, Zvonimir Bošnjaković, amezaliwa dakika ile ile, jambo ambalo marehemu alilisimulia maisha yake yote kama ushahidi kwamba yeye hakuchelewa hata kuzaliwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza chuo cha reli mjini Zagreb Juni 1970, na Septemba mwaka huo huo akaajiriwa kuwa mwongozaji wa treni kituoni Vinkovci, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka thelathini na saba bila treni mbili kukutana pasipotakiwa. Tarehe 22 Aprili 1978 alifunga ndoa na Ljerka, na wageni wa siku ile watakumbuka kwamba aliyaruhusu magari kutoka kanisani moja moja, kila baada ya dakika mbili, hata la mwisho likafika ukumbini supu imeshapoa. Walijaliwa mtoto mmoja, Dunja, na mjukuu mmoja, ndiye huyu anayewasomea.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2008, na kwa kuwa hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, akaanza kuongoza ndege. Kila Jumapili saa tisa alasiri aliwakusanya watu kwa njia ya mtandao, kila mmoja akiwa nyumbani kwake na ndege yake ya kwenye kompyuta, wote wameegesha kwenye milango ya abiria katika uwanja mmoja wa kuigiza, na hakuna aliyewasha injini, aliyeondoka mlangoni, wala aliyeingia njia ya kurukia, mpaka aitwe kwa jina, apewe maelekezo, na ayarudie neno kwa neno.

“Nimekuelewa, mzee,” alisema siku moja Frane, daktari wa meno wa Rijeka.

“Sijauliza kama umeelewa. Rudia.”

“Mzee wangu, saa mbili nzima nipo kwenye foleni! Ningekuwa nimeshakwenda Trieste kwa gari na kurudi!”

“Basi nenda kwa gari,” marehemu akamjibu, na Frane akarudia.

Tarehe 14 Oktoba 2012 ndege ishirini na saba zilikuwa kwenye mstari, upepo ukageuka, na marehemu akaamuru wote wazunguke waanzie upande wa pili wa njia. Mdogo wake wa kuzaliwa naye, waliyepakana naye uzio, alikuwa jikoni anakata soseji, hakusikia, akarudi kitini, akaruka kutoka upande wa zamani, uso kwa uso na wenzake wote. Hakuna aliyeumia, maana ni skrini, lakini marehemu aliwarudisha wote milangoni kuanza upya, na tangu siku hiyo hakulitamka tena jina la mdogo wake.

Jumapili baada ya Jumapili, kwa miaka kumi na moja, mdogo mtu aliegesha mlango wa kumi na nne, taa zinawaka, akaomba ruhusa.

“Kaka, mlango wa kumi na nne, niko tayari.”

Marehemu akaita mwingine.

“Mzee, kuna mtu anakuomba ruhusa!” Frane akapiga kelele.

“Sisikii mtu. Nasikia mikwaruzo tu.”

Hata uani ilikuwa hivyo hivyo. “Ljerka, mwambie yule wa soseji arudishe ngazi yangu,” na yule wa soseji yuko palepale, ngazi begani.

“Mwambie mwenyewe, Zvonimir, ana masikio,” bibi alijibu, na ngazi ikapitishwa juu ya uzio bila salamu.

Januari 2024 marehemu aliugua mapafu, akalazwa, na wodini hakukubali kitanda chake kisukumwe mpaka muuguzi arudie wanakokwenda. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Machi 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliorudia kila walichoambiwa, majirani, wafanyakazi wenzake wa reli, na marubani wa Jumapili, ambao leo wameonana kwa mara ya kwanza na kutambuana kwa sauti.

Siku tatu kabla ya kufariki, marehemu alimwandikisha mjukuu wake utaratibu wa magari kutoka hapa kanisani hadi makaburini, moja moja, kila moja likiitwa kwa jina la mwenyewe, akamtaka arudie la kwanza mara tatu. Bibi Ljerka alipolisikia jina hilo aliinuka akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo.

Pumzika kwa amani, babu. Magari yatatoka kama ulivyoagiza, na la kwanza nyuma ya jeneza, umesema wewe mwenyewe na mimi narudia neno kwa neno, ni “la mdogo wangu, Ljudevit.”