Jibu Alilomwandikia Doreen

Kitendawili, mjukuu wangu: nilizaliwa na mbio, watu wakanilegeza kwa uvivu wao. Hujui? Basi panda basi la Skipton, kule Uingereza, ukae nyuma ya Bibi Enid.

Enid alipakata shada la maua ya maziko ya dada yake, Doreen. Akamgeukia mzee asiyemjua, aliyekuwa akijaza fumbo la maneno gazetini, akamwita mwalimu kwa utani. "Mwalimu, acha hivyo visanduku, vimekushinda tangu tupande. Neno la Kiingereza cha kale, 'anon', maana yake nini?"

Mzee akacheka. "Una ulimi, bibi! Zamani sana lilikuwa 'sasa hivi'. Bwana akiita, mtumishi hujibu 'anon', kisha anaendelea kukaa. Karne kwa karne likalegea, likawa 'baadaye kidogo'. Kwani nani kakuandikia neno hilo?"

"Mimi ndiye niliyeandika. Doreen aliniomba nimtembelee, nikamjibu 'anon', kama alivyozoea kusema mama yetu. Nataka kujua kama nilimdanganya."

Kicheko kikamwisha mzee. "Inategemea. Ulikawia kiasi gani?"

Enid akatazama kuta za mawe na kondoo walioloa. Kanisa lilipotokea, akabonyeza kengele. Basi likasimama. Akamshukuru dereva kama ilivyo ada, kisha akageuka pale mlangoni.

"Miaka sita, mwalimu."