Mama Nani-Mwenzangu na Programu Iliyomshuku

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwenzetu wa dawati la malalamiko hapa ofisi ya maji anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Utawala umeithibitisha tarehe hiyo, kisha ukaithibitisha tena, kwa sababu mwenyewe alihisi kuna mtu ana haraka na kiti chake. Mimi ninayekaa meza ya pili kutoka yake nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, naye ameshaniuliza mara kadhaa ni nani aliyenituma.

Karibu sote tunamwita Mama Nani-Mwenzangu. Haoni tangu utotoni, na alianza kazi akiwa mpokea simu, ambako swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa hilohilo: nani mwenzangu? Likamganda mdomoni. Ukiingia chumbani anakuuliza. Ukimletea chai anakuuliza, na kikombe hakipokei mpaka ujibu. Mwaka mmoja mkurugenzi alituandikia wote barua pepe ya kututakia likizo njema, na Mama akakataa katakata kuifungua, eti ina upole usio wa kawaida. Ikabidi mkurugenzi ashuke ngazi, asimame mbele ya meza yake na kuyasema maneno yale kwa kinywa chake. "Sasa nimeamini," Mama akamwambia. "Sauti haina viambatisho."

Simu za zamani zilipoondolewa alipewa kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, inayomtamkia kila kilichoandikwa. Sikio la kulia mteja analalamika bomba limepasuka, sikio la kushoto mashine inamsomea anachoandika, kwa kasi ambayo kwetu sisi ni kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Mafundi wa mabomba walizipenda ripoti zake kuliko za mtu mwingine yeyote. Ziliwaambia mtaa, rangi ya geti, na kama mbwa wamefungwa.

Yupo mtu mmoja ambaye Mama hakumwamini hata kidogo, naye ni fundi wetu wa kompyuta. Kosa lake lilikuwa viatu. Fundi huvaa raba za soli laini, kwa hiyo Mama alikuwa akishtukia tu mtu yuko begani kwake anapumua. Kwa Mama, mtu anayekuja bila kusikika ana jambo lake. Akambandika jina la Kinyemela, na jina likashika.

Miaka minne iliyopita, Jumatatu asubuhi, Mama aliwasha kompyuta na kompyuta haikusema neno. Akabadilisha vipokea sauti. Akazima, akawasha. Kimya. Mimi nikachungulia nikaona kidirisha chekundu pembeni mwa skrini: programu mpya ya kuzuia virusi, iliyowekwa mwishoni mwa juma, ilikuwa imezuia "programu hatari", na hiyo hatari ilikuwa ni ile inayomsomea. Mama hakutaka maelezo. Alitangaza mbele ya chumba kizima kwamba Kinyemela amemfanyia makusudi, na chumba kizima kikamwamini, maana Fundi alikuwa amepita pale Ijumaa jioni na hakuna aliyemsikia.

Fundi akaja, akachuchumaa kando ya kiti chake.

"Shikamoo, mama. Si mimi. Programu mpya imeidhania yako kuwa jasusi, kwa sababu inasoma kila kitu kwenye skrini."

"Sasa ilitaka isome nini, mawingu?"

Ukiniuliza mimi, wale wawili, Mama na ile programu ya kuzuia virusi, walifanana mno kwa tabia, ndiyo maana hawakuelewana. Fundi aliiambia programu isimguse mwenzake, ikakubali. Asubuhi iliyofuata ikajisasisha na kumnyamazisha tena. Siku ya tatu ukaja waraka kutoka utawala: kwa usalama wa mtandao, Mama atahamishiwa benchi la mlangoni kukaribisha wageni, hadi atakapostaafu.

Hapo ndipo nilipomwona akiogopa. Alikaa na vipokea sauti shingoni, mikono juu ya kibodi isiyomjibu, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hataki kulipwa kwa kukaa. Iliniuma sana, na hadi leo nikikumbuka inaniuma.

Fundi ndiye aliyeomba muda wa kutafuta programu nyingine ya kuzuia virusi, na akaomba Mama ndiye aiamue. Mama alinusa mtego. Alikubali kwa sharti moja: skrini ifunikwe, na kila muuzaji aoneshe kazi yake kwa kibodi na masikio tu. Fundi akavua sweta lake akalitupia juu ya skrini.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na programu ya kupendeza, ngao inayong'aa na alama ya kijani. Chini ya sweta, msomaji wa Mama, ile programu ya skrini, alitamka "kitufe, kitufe, kitufe" mpaka yule bwana akatokwa jasho, kwa sababu hakuna kitufe hata kimoja kilichopewa jina. Ya pili ilisomeka vizuri, ila tahadhari zake zilichomoza katikati ya kuandika, zikapokonya maneno ya mteja nusu yake, kisha zikatoweka kabla hazijamaliza kusomwa. Mama akauliza kama wamemletea programu au jirani mbea. Ya tatu haikuwa na sura. Lakini menyu zake zilitamkika, tahadhari zilisubiri hadi zijibiwe, na msomaji akaachwa aseme. Sote tukapumua, isipokuwa Mama. "Siku ya kwanza wote wana adabu," akasema, akadai aisikie ikijisasisha na ajaribu kuhuisha leseni. Ukurasa wa leseni ukawa bubu kabisa. Muuzaji akarudi kwao kuurekebisha, na Mama akakaa benchini akisubiri, akiwauliza wageni nani mwenzangu.

Wakati huo mkuu wa utawala alikuwa ameshaipenda ile yenye ngao, akamwagiza Fundi aiweke basi, yaishe. Fundi aligoma. Alisema kama Mama anabaki benchini, basi naye apangiwe nafasi kwenye benchi hilohilo, kwa kuwa mlinzi anayemfungia mwenye nyumba nje hajui kazi. Nililisikia hilo kwa masikio yangu nikampelekea Mama. Akauliza nani kaniambia. Nikamwambia sikuambiwa, nilikuwepo.

Ya tatu ilirudi imerekebishwa, Mama akarudi mezani. Alimwomba Fundi radhi mbele yetu sote, kwa sauti ileile aliyomtuhumia, kisha akampa sharti: tangu leo agonge kabati lililo karibu na meza yake mara mbili kabla ya kumsogelea. Radhi ni radhi, lakini raba ni raba. Tangu hapo hakuna programu inayoingia ofisi hii bila kupita chini ya sweta, ambalo bado linaning'inia nyuma ya mlango wetu.

Nyumbani anasubiriwa na mumewe, fundi cherehani mstaafu, aliyemnunulia kompyuta kama zawadi. Mama aliuliza ina kinga gani kabla hata ya kusema asante.

Juzi Fundi alikuja kwa mara ya mwisho kuikagua mashine yake, na kwa mawazo aliyokuwa nayo akasahau kugonga kabati. Nilimwona mlangoni na raba zake. Mimi mwenye macho na masikio sikusikia kitu. Mama alikuwa na mteja sikio moja na mashine sikio la pili. Hakugeuka. Alinyoosha mguu, akamsogezea kiti kilichokuwa kando yake.

"Kaa, mwanangu," akasema, akaendelea kuandika.

Asante, Mama, kwa miaka yote hiyo ya kutuuliza. Nenda ukapumzike salama, na simu ikilia nyumbani kwako, tunakuombea iwe ni sauti unayoijua.