Mama Matone na Mstari wa Penseli

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatibu mbwa, paka na sungura wa mtaa huu, daktari wetu mkuu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wateja wanamwita Mama Matone. Ni utani tu, kwa sababu katika kliniki nzima hakuna aliyekuwa mgumu kama yeye kutoa matone ya macho. Mama yangu, anayekaa mapokezi, ndiye aliyenipa kazi ya kuandika haya. Alisema ninaandika vizuri kuliko ninavyoongea, na hilo sibishi.

Daktari alianza hapa akiwa peke yake, na chumba kimoja, meza ya bati na taa iliyohitaji kupigwa kofi ndipo iwake. Siku hizo, wanasema, kila jicho jekundu lilipewa antibiotiki na kuagwa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba matone yaleyale yalikuwa yakishindwa kwa mbwa walewale. Akaanza kupeleka usaha maabara, kuandika majibu kwenye daftari, na kuosha macho yaliyofaa kwa iodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, akiipima kwa sindano na kuizimua kwa maji ya chumvi hadi ifanane na chai nyepesi. Kwanza alihakikisha kioo cha jicho hakijachubuka. Kilichochubuka alikipa dawa nyingine, hata antibiotiki, bila ubishi.

Iodini yenye sabuni huumiza jicho, na chupa zake zinafanana na zile zisizo na sabuni. Kwa hiyo kila chupa ya sabuni aliifunga kitambaa shingoni, ili mkono uitambue hata macho yakiwa kwa mgonjwa. Mteja mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni hirizi. Daktari akamjibu kuwa ndiyo, na inawakinga madaktari wenye haraka.

Sasa niseme langu. Mwaka jana paka wangu, Soksi, alivimba jicho. Nyumbani kulikuwa na matone yaliyobaki ya mbwa wetu wa zamani. Nikamtia siku mbili, jicho likafunguka, nikaacha. Likavimba upya, nikamtia tena, nikaacha tena. Mara ya nne halikufunguka. Nikamleta hapa, na daktari alipouliza kama amepewa dawa yoyote nyumbani, nikatikisa kichwa kukataa, mama yangu akiwa hatua tatu kutoka pale.

Majibu ya maabara yalionyesha vijidudu visivyotikiswa na dawa ya matone yale. Daktari kijana anayefanya naye kazi akapendekeza antibiotiki kali zaidi. Mama Matone akasema hiyo ibaki kwa mgonjwa asiye na njia nyingine, kisha akaniita kwenye sinki.

"Mwanangu, sikuulizi ili nikugombeze," alisema. "Nauliza ili nijue."

Nikasema hakuna.

Hakubisha. Aliliosha jicho siku baada ya siku, mimi nikimshika Soksi ndani ya taulo. Siku ya kumi na mbili Soksi alinitazama kwa macho yote mawili, kwa dharau yake ya kawaida.

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukipanga kadi za wagonjwa ili azikabidhi, niliiona ya Soksi. Yote imeandikwa kwa wino, isipokuwa mstari mmoja: "Dawa za nyumbani: hakuna." Huo aliuandika kwa penseli.

Daktari, kadi iko juu ya meza yako. Nimeifuta penseli na kuandika kwa wino: matone ya mbwa, mara nne, nikiacha kila lilipofunguka jicho. Mama yangu anayasoma haya leo pamoja nanyi wote, na najua tutaongea nyumbani.

Asante kwa kuniachia nafasi mwaka mzima. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua likuamshe, na pasiwe na jicho la yeyote linalokusubiri mlangoni.